Mwangwi wa Mawe ya Mugango

Juzi, dukani Bunda, niliona kiboksi cha kuongezea gita mwangwi. Marehemu mjomba alikuwaga na cha namna hiyo. Mchana mmoja nikiwa binti mdogo, kesho yake akiwa na harusi ya kupiga, gita lilinyamaza kabisa.

"Mwangwi umeniishia, mama," alinitania, akaenda kutafuta betri.

Nilijua mwangwi unakaa kwenye mawe makubwa ya ziwani, pale kwetu Mugango. Nikachomoa waya, nikakibeba kiboksi kikinuka bati la moto, nikakipigia kelele maweni mpaka koo likauma.

Mjomba aliporudi na kukichomeka upya, gita lilivuma kama kanisa tupu.

"We, umekifanyaje?"

"Nimekijaza."

Nilipokua ndipo aliponiambia kwamba mara ya kwanza alikuwa amekosea tu matundu ya kuchomeka waya. Lakini pale dukani nilikiinamia kiboksi, nikaita polepole, "Mjomba!" Nikasubiri.