Nililimia Ndege Kisiwa

Mkitaka kucheka chekeni, lakini mimi siombi mtu msamaha. Niliandikwa kazi ya kulinda ndege wa bahari kwa kisiwa kidogo huko kaskazini ya Lamu, watu wasiibe mayai. Niliporudi kwetu Karatina, kwa wakulima, kuposa Wairimu, nikamwambia baba yake ati mimi ndio chifu wa kisiwa, na ndege elfu mia wananiheshimu kuliko D.C.

Mzee alikuwa karibu kukubali. Halafu mkubwa wangu wa kazi, akizunguka nchi nzima na sinema, akaileta mpaka kwa holi ya kanisa letu, afundishe watu juu ya hao ndege. Baba Wairimu akakaa mbele kabisa, na mimi kando yake, mkwe mzima.

Picha ya kwanza ilikuwa ni mimi. Niko na sufuria kwa kichwa na jembe kwa mkono, nalima kisiwa, na ndege wananidonoa na kuninyea mpaka nimekuwa mweupe kuliko mzungu.

"Huyu aling'oa nyasi yote," mkubwa akasema. "Watoto wa ndege hujificha kwa hiyo nyasi. Sasa ndege wamehama."

Holi yote ikacheka, Wairimu akiwa wa kwanza. Lakini niambieni, mtu wa kwetu ataangalia magugu mwezi mzima akiwa amekaa tu?

Baba Wairimu akanigeukia. "Kijana, na ulipanda nini huko kwa mchanga?"

Nikasimama watu wote wanione. "Viazi, mzee. Na wewe mkubwa, rudisha hiyo picha, waone vile mistari imenyooka."