Mwanamvua Akataa Krimu ya Bure

Miaka hupita polepole juu ya vilima vya Tarime. Ilimkuta Mwanamvua binti Abdillah akiwa msichana katika duka la nguo la baba yake, ikamfikisha Nyakunguru akiwa mjane wa makamo, ameinama mwaloni, pale wanawake wanapoosha mchanga uliosagwa ili kupata dhahabu. Hapo zebaki hutiwa mchangani, ikanasa punje za dhahabu, na vyote viwili huwa tonge jeupe. Mwanamvua hakupata kuigusa zebaki bila kwanza kuvua pete ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu mumewe, isije nayo ikapauka.

Binti yake wa pekee, Kauthar, alikuwa ameposwa, na siku ya ndoa ilikaribia. Ndipo alipofika Selestine, kijana mtanashati juu ya bodaboda, na sanduku la krimu ya kung'arisha uso.

"Jaribuni bure, mama zangu! Ikiwakataa, nirudishieni."

Wanawake walipokea bila kuuliza, na kosa lao lilikuwa kosa la watu wa dhahabu. Migodini, mwenye mawe humpa mnunuzi kipande akakipime, na kupima hakumfungi mtu. Walidhani krimu nayo ina desturi hiyo.

Jioni Mwanamvua alimpaka binti yake kwa mkono wake mwenyewe, pete ikiwa kidoleni. Alfajiri, alipokuwa akitawadha, aliona pete imepauka. Aliisugua kwa kanga, weupe haukutoka. Akamwamsha Kauthar.

"Nawa uso. Kwa sabuni. Nawa tena."

"Lakini mama, inang'arisha!"

"Hata tonge la mwaloni linang'aa. Umewahi kuniona nikijipaka?"

Selestine aliporudi, hakuuliza habari za nyuso. Alidai kwamba kopo lililofunguliwa limeshanunuliwa, tena pamoja na sabuni na mafuta yanayoandamana nalo. Mwanamvua alimrudishia kopo lake.

"Hukutaja sharti hilo ulipokuwa ukigawa."

"Shikamoo zangu hazikutoshi, mama? Lipa. Usipolipa nitapita kwa wakwe zako, niwaambie wanaoa nyumba ya wezi."

Hapo ndipo palipouma, kwa kuwa posa huvunjika kwa maneno machache kuliko hayo. Mwanamvua alinyoosha mkono wenye pete.

"Itazame. Zebaki ninaifahamu kuliko unavyomfahamu aliyekutuma. Umeniletea sumu nimpake mwanangu, kisha unaniita mwizi? Silipi!"

Wegesa, jirani yake wa Kikurya, aliangua kicheko. "Mura, kijana, hebu anza wewe! Paka hicho kidevu chako tukione!"

"Mimi mwanamume. Hii ni ya wanawake."

"Pete yangu nayo ni mwanamke?" akauliza Mwanamvua.

Kijana hakugusa krimu yake. Makopo yakaanza kurudi sandukuni, mengine yakitupwa kwa mbali.

Biashara katika dini yetu ni kuridhiana, na aliyefichwa sharti hakuridhia chochote. Mwanamvua hakungoja mwanachuoni amwambie hivyo. Aliondoka na matope miguuni, akamtangulia Selestine kwa wakwe, akamweleza Bi Mwajuma, mama wa bwana harusi, kila kitu: krimu, pete, na hata mkono wake mwenyewe uliompaka binti.

"Atakuja kijana kutuita wezi," alisema. "Mkimwamini, semeni sasa. Sitanunua heshima ya mwanangu kwa kumlipa mtu aliyetaka kumdhuru."

Bi Mwajuma alimkaribisha mkekani. "Tulimposa Kauthar tukiwa na macho. Nani aliwaambia tunataka uso mwingine?"

Selestine alipofika, alikaribishwa chai, akasikilizwa, akasindikizwa hadi kwenye pikipiki yake. Kauthar aliolewa akiwa na weusi wake mzuri, hina mikononi, hana krimu usoni.

Mwenyezi Mungu ampe Mwanamvua umri wenye afya, amrehemu mumewe, awabariki Kauthar na nyumba yake, na awajaalie kizazi chema kisichoiona aibu sura aliyoiumba Yeye. Amina.