Jani Kavu Juu ya Jiko

Spiriti ikiungua ina harufu tamu inayochoma puani, kama zahanati iliyomwagiwa sukari. Mwezi uliopita harufu hiyo ilinikuta karakanani kwangu Mwandiga, nikaweka nyundo chini. Hamisi, kijana wa Buzebazeba, alikuwa amewasha jiko dogo la kopo la soda juu ya meza yangu. Yeye na wenzake wanataka kutembea kwa miguu siku sita, wakifuata mwambao wa ziwa kwenda kusini, na hawataki kitu kizito mgongoni.

"Mzee, wewe ndiye baba wa majiko," akasema. "Nibebe hili au la gesi?"

Alikuwa hajakosea mlango. Shule niliiacha darasa la nne, sifichi, lakini leo nina karakana mbili, na kuanzia Bangwe hadi hapa ukitaja jiko la bati watu wanaonyesha kwangu. Hata hivyo nilisogea mezani kwanza. Nilikuwa nautazama mdomo wa lile jiko. Lilikuwa linawaka, na moto haukuonekana. Jua la saa sita lilikuwa limeumeza wote.

Mara ya kwanza kukutana na moto wa namna hiyo nilikuwa na miaka kumi na moja. Kijiji chetu kilikuwa mwambaoni, kusini mwa Ujiji, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mama alikuwa ameugua baada ya kujifungua, akapelekwa hospitali ya mjini kwa boti, akamwacha mdogo wangu Neema, mchanga wa miezi miwili, kwa Bibi mzaa mama. Neema alikuwa akinywa maziwa ya kopo, na kopo lilikuwa linaisha. Kisha Mama akatuma ujumbe: mleteni mtoto, maziwa yangu yamerudi. Wiki ile ziwa lilichafuka, hakuna boti iliyothubutu kutoka. Bibi akasema tutatembea.

Shida ilikuwa maji ya kukorogea maziwa. Kipindupindu kilikuwa kimepita vijijini, na maji ya ziwa hayakufaa kunywewa bila kuchemshwa. Nayo ilikuwa masika, kuni zote zimelowa. Ilibidi tubebe jiko.

"Abebaye ndiye achague," Bibi akaniambia.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jiko la pampu la mjomba, la shaba, miguu mitatu, likiwaka linanguruma hadi kwa jirani. Nilitaka nipite nalo Ujiji watu wanione. Nikajitwika jiko hilo pamoja na dumu lake la mafuta ya taa, nikazunguka ua kujaribu. Mzunguko wa kwanza nilipiga mluzi. Wa tatu nilikuwa natembea kama kaa.

"Shujaa!" Bibi akacheka. "Ujiji bado, hata choo chetu hujakipita."

Ndipo tukaenda kwa Mzee Bukuru, fundi bati aliyetoka Burundi, mtengenezaji wa vibatari vya kijiji kizima. Akanipa jiko lililoenea kiganjani, la kopo la maziwa, limetobolewa kwa msumari kuzunguka ukingo. Halikuhitaji pampu wala sindano ya kuzibulia, ila chupa moja tu ya ile spiriti ambayo watu huwashia jiko la pampu. Nikaliona kama la kuchezea watoto. Mzee akanisoma usoni.

"Mwana wanje," akasema kwa Kirundi, yaani mwanangu, "jiko zuri ni lile litakalofika."

Kisha akanipa onyo. Moto wa spiriti juani hauonekani. Kabla ya kuongeza, shika jani kavu juu ya mdomo wa jiko. Likijikunja, moto bado uko hai, ngoja. Likitulia, mimina. Na kwa kuwa masika majani makavu hayapatikani njiani, akachomoa nyasi chache kwenye paa la jikoni kwake, upande wa ndani, akazifunga kwa uzi na kuzining'iniza kwenye mkoba wangu. "Hizi ndizo macho yako," akasema.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mvua na mawingu, moto wa buluu niliuona vizuri, nyasi sikuzihitaji. Usiku tulilala kwa watu, wakatupikia. Siku ya pili, tukiwa kilimani karibu na Ujiji, jua likatoka ghafla. Neema alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Bibi akamlaza juu ya kanga, nami nikawasha jiko. Maji yakaanza kutoa mvuke, kisha yakatulia. Nikaipua sufuria, nikatazama: hakuna moto. Nikachukua chupa.

"Umeshika jani?" Bibi akauliza, mgongo amenipa, anambembeleza mtoto.

"Nimeshika."

Sikuwa nimeshika. Nilikuwa mwanaume, nimebeba jiko siku mbili, nani wa kunifundisha?

Moto ulipanda kwenye mkondo wa spiriti hadi mdomoni mwa chupa. Nikaitupa. Ikaangukia ukingo wa kanga aliyolalia Neema. Bibi aligeuka. Alimvuta mtoto kwa mkono wa kushoto, na kwa kiganja cha kulia akaukandamiza moto ule, akaukandamiza, kama mtu anayekanda unga, hadi ukafa.

Neema hakupata hata lengelenge. Bibi akapaka mawese mkononi, akaufunga kwa kitambaa, akaanza kukusanya vitu. Aliposhika mkoba wangu aliziona zile nyasi, uzi ungali na fundo la Mzee Bukuru. Akanitazama, mara moja tu. Akazikata, akazifutika pindoni. Nikajiambia hajaelewa.

Kwa mkono mmoja hakuweza kubeba mtoto kilimani. Akanifunga Neema mgongoni, ncha moja ya kanga akiivuta kwa meno. Hivyo ndivyo nilivyoingia hospitali alasiri ile, mdogo wangu mgongoni, watu wakinipisha. Mama alimnyonyesha huku analia. Muuguzi akauliza mkono umefanyaje.

"Uzee, mwanangu, nimejiunguza jikoni," Bibi akasema. "Lakini mtazameni mwanaume huyu. Ndiye aliyetufikisha."

Kisa hicho nimekisimulia miaka yote. Nimekisimulia kwenye harusi ya Neema, kipaza sauti mkononi, jinsi nilivyomvusha kilima mgongoni. Ukumbi ulipiga makofi. Bibi alikaa mbele, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena tangu siku ile, akawa anapiga paja lake kwa mkono wa kushoto. Amekufa bila kunitajia zile nyasi.

Hamisi nilimwambia achukue la spiriti, ni jepesi na litafika. Nikachomoa nyasi kavu kwenye ufagio wa nje, nikamfungia kwa uzi na kumwonyesha jinsi ya kuzishika juu ya jiko. "Ukirudi," nikasema, "nataka nilikute fundo hili limefunguliwa."

Akacheka, akidhani ni masihara ya wazee.

Neema, ukisoma haya, sasa unajua. Jiko jepesi nililichagua mimi. Mzigo mwepesi alinichagulia Bibi: sifa akanipa nizibebe, mkono akaubeba mwenyewe.