Karani Aliyejaza Swali la Nne

Saa moja kasorobo asubuhi, Ijumaa. Karani wa shule amesimama juu ya kiti cha plastiki, pini mbili mdomoni, anabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo. Kabla hajashuka, wanafunzi wameshamzunguka.

Karatasi inasema: "Kiatu chako cha shule kinamsimulia mama yako mlikopita jana. Andika kilichosemwa."

"Changu kikifungua mdomo, nimekwisha," anasema msichana wa kidato cha pili, huku akitoa daftari.

Hapa karani huyu wanamwita Bi Swali la Nne. Ana miaka arobaini na sita, ni mama wa watoto watatu, na amechapa mitihani ya shule hii kwa miaka kumi na tisa. Jina alilipata mwaka jana, mwalimu wa Kiswahili alipomletea mtihani wa majaribio wenye mada tatu za insha badala ya nne, kisha akazima simu. Mtihani ulikuwa kesho yake.

"Nikaona pengo, nikalijaza," anasema. "Ulitaka nifanyeje, nichore ua?"

Aliandika: "Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu. Kingekuwa na mdomo, kingesema nini kukuhusu?"

Hadi siku hiyo, watoto walikuwa wakikariri insha moja ya ajali ya gari na kuipachika popote. Ukiwauliza faida za maji, gari litapinduka njiani kuelekea kisimani.

"Nilikuwa najiuliza, majeruhi wote hao wanalazwa wapi?" anasema na kucheka.

Kati ya watahiniwa 112, 97 walichagua swali la nne. Hakuna gari lililopinduka. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuja ofisini akiwa amefura, aliishia kumsomea karani insha ya sufuria inayomjua kila mtu aliyelala njaa nyumbani. Wote wawili walilia.

Tangu hapo, kila Ijumaa anabandika mada yake. Halipwi hata senti kwa hilo. Hadithi anazisoma wakati wa chakula cha mchana, na mwanafunzi aliyeandika akiridhia, nzuri hubandikwa ubaoni.

Mwezi uliopita mada ilikuwa: "Mtu mzima anayestahili kukuomba msamaha." Binti mmoja akaandika kuhusu mwalimu aliyemwita mjinga mbele ya darasa. Hakumtaja jina. Mwalimu akaisoma ubaoni, akajitambua mwenyewe, akaenda kushtaki kwa mwalimu mkuu.

"Mkuu aliniambia kazi yangu ni kuchapa, si kufikiri," anasema karani, na sauti yake inakuwa nzito. "Iliniuma. Bado inaniuma."

Mwalimu mkuu alitaka atie saini ahadi ya kuacha mada hizo. Akikataa, Jumatatu atafikishwa mbele ya bodi ya shule, na huenda akafukuzwa kazi. Ahadi yenyewe aliletewa yeye aichape, maana shule haina mchapaji mwingine.

"Nikaichapa. Nikamsahihishia na makosa mawili."

Mwalimu mkuu anajitetea. "Shule ina utaratibu," alimwambia mwandishi wa makala haya. "Leo anatunga mada, kesho atataka kufundisha." Hakusema kama mtoto yule ameshaombwa msamaha.

Nyumbani kwa karani, mumewe ambaye ni seremala anataka amani. "Mama watoto, mwenye nguvu mpishe. Saini, yaishe."

"Nimempisha miaka kumi na tisa," anajibu mkewe. "Sasa nimefika ukutani."

Ukweli usemwe: hili si jambo la mzaha. Mshahara wake haujapanda kwa miaka sita, lakini ndio unaosomesha watoto wao wawili wa mwisho.

"Naogopa, sikufichi," anasema. "Ila yule binti aliandika jambo la kweli. Nikitia saini, nitakuwa nimemwambia angenyamaza. Hilo sitamwambia. Liwalo na liwe."

Akifukuzwa, atatundika ubao kwenye geti la nyumba yake, ambapo wanafunzi hupita kila asubuhi. Mumewe alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu akaja na futi, akapima geti.

Kengele inalia, wanafunzi wanakimbilia madarasani. Karani anarudi ofisini, anaisogeza kando ahadi isiyo na saini, na kuchapa mada ya Ijumaa ijayo: "Umeletewa karatasi utie saini jambo usiloliamini. Kalamu unayo mkononi. Andika kilichofuata."

Anatoa nakala mbili, moja ya shule na moja ya getini.