Udongo wa Kuokoteza

Mtu akiwaambia kwamba Goma kuna udongo, mwulizeni ameuona wapi. Mtaa wa Murara, pale alipokaa Bulonza, ukipiga jembe chini linakurudia mkononi limepinda. Volkano ilipita hapo mwaka 2002, ikameza nyumba yake ya kwanza na migomba yake minne, ikaacha mwamba mweusi wenye ncha za kukata viatu. Bulonza akajenga nyumba ya mbao juu ya mwamba huo, kama walivyofanya majirani wote. Kisha akaanza jambo ambalo majirani hawakulifanya: kuokoteza udongo.

Alikuwa karani wa depo ya kahawa kabla depo haijaporwa na kufungwa. Mtu wa Kabare, upande wa Bukavu, na watu wa huko mnawajua, mfukoni hamna kitu lakini suruali imepigwa pasi. Basi huyu bwana wa suruali ya pasi hakuweza kusafiri bila kurudi na udongo. Akienda msibani Sake, anarudi na mfuko. Akienda harusini Minova, vilevile. Mkewe, Élodie, aliona haya hata kupanda naye gari.

"Benzako banarudia na viazi," alimwambia. "Weye unarudia na kwenye viazi vinatoka."

"Viazi vinaisha, mama," Bulonza alijibu, na hakuona kama kuna cha kuongeza.

Udongo ule aliujaza kwenye magunia, na namna yake ya kujaza ilikuwa moja. Alichukua debe la mafuta ya kula, akalitoa kitako na mfuniko, akalisimamisha katikati ya gunia. Ndani ya debe alitia vijiwe vya volkano, nje yake udongo uliochanganywa na maganda na samadi ya mbuzi wa jirani. Kisha anavuta debe juu kidogo, anajaza tena, anavuta, mpaka gunia lisimame na uti wa mgongo wa mawe katikati. Maji yakimwagwa juu hupita kwenye vijiwe na kufika hadi chini. Ubavuni alipasua matundu kwa wembe, akapandikiza lengalenga, ndio mchicha, pamoja na kabichi na vitunguu. Maji ya mvua aliyakinga kwa bomba lililopasuliwa katikati. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa hovyo. Jivu lilikuwa dawa ya wadudu. Hela haikutoka mfukoni, na mboga haikukosekana mezani.

Na kwa kuwa karani hafi ndani ya mtu, kila gunia lilikuwa na namba na jina la mahali udongo ulikotoka, kwa rangi nyeusi: 1 Kabare, 7 Sake, 12 Kibumba. Yalifika kumi na tisa. Aliyapanga ukutani, upande wa barabara.

Élodie alikuwa na ombi moja maishani. Mwaka 1994, akiwa bibi harusi wa juzi, alibeba maji pamoja na akina mama wa parokia kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wakifa kwa kipindupindu. Aliona maiti zimelazwa kando ya barabara ndani ya mikeka, kwa sababu ardhi ilikataa kuchimbwa. Waliofunikwa, wengi walifunikwa kwa mawe. Tangu hapo kila wakipita makaburini alirudia: "Nikifia hapa Goma, usinitie chini ya majiwe. Unipeleke kwetu Kabare, ao unitafutie udongo." Bulonza alikubali. Kukubali ni rahisi wakati mkeo amesimama mbele yako na afya yake.

Januari ya 2025 vita vikausogelea mji. Mukamugema, mama wa watoto watatu, alikuwa ameshakimbia mara tatu: kutoka kwao Kibumba, kisha kambi ya kwanza, kisha ya pili. Alibisha hodi kwa Bulonza na godoro kichwani. Élodie hakumwuliza kabila wala chama. Alimwuliza kama watoto wamekula.

Soko lilipofungwa, watu sita walikula magunia. Lengalenga asubuhi, lengalenga jioni, na unga kidogo uliobaki. Mukamugema aliyatazama yale magunia kama mtu anavyotazama ng'ombe wa maziwa.

Siku risasi zilipoingia mtaani, wote walilala chini, upande wa ndani wa ukuta wenye magunia. Mbao hazizuii kitu, lakini udongo unazuia, na Bulonza alilijua hilo. Nafasi haikuwatosha wote. Kitinda mimba wa Mukamugema alibaki pembeni, mguu nje ya kivuli cha magunia. Élodie alimvuta, akamlaza mahali pake, naye akasogea upande wa jikoni.

"Rudi hapa!" Bulonza alimpigia kelele.

"Mutoto kwanza," Élodie alisema.

Risasi ilipita kwenye ubao wa jikoni. Aliguna kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa, kichwa chake mapajani mwa mumewe, na huko nje bado wanapigana.

Siku mbili hakuna aliyeweza kutoka. Siku ya tatu milio ilipungua. Barabara ya makaburini ilikuwa imefungwa, na boti za Bukavu hazikusafiri; Kabare ilikuwa ng'ambo ya ziwa tu, lakini hata ingekuwa mwezini ingekuwa mamoja. Julien, jirani yao mwashi, Mnande wa Butembo, alikuja na baramini, kile chuma kirefu cha kupasulia mawe, na nyundo kubwa. Yeye na Bulonza walipasua ule mwamba uani kutwa nzima. Mikono ya karani ilichubuka mpaka nyama. Jioni ilipokaribia shimo lilifika mapajani, na baramini ikakataa kwenda zaidi.

Walimshusha Élodie ndani ya kitenge chake cha kanisani, kwa kuwa mbao za sanduku hazikupatikana. Julien akafuta jasho.

"Papa, tumufunike na haya majiwe. Leo kila mutu anafanya vile."

"Hapana."

"Sasa udongo utatoka wapi?"

 Bulonza aligeuka akayatazama magunia yake, na Mukamugema, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaelewa kabla ya Julien.

"Muzee," alisema kwa sauti ya chini, "na batoto batakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. Bulonza alilijua kuwa la haki, na kwa sababu hiyo liliuma zaidi.

"Sijue," alisema.

Akaanza na lile la Kabare. Aliliburura, akalikata kwa wembe, akaumwaga ule udongo kwa mikono upande wa kichwa, taratibu, kama anayefunika mtoto. Kisha Sake. Kisha Minova. Alipoona hatasimama, Mukamugema alimweka mtoto chini, akaenda mbele yake gunia kwa gunia, akichuma majani haraka haraka kabla halijapasuliwa, akiyatupa ndani ya beseni na machozi yakimtiririka. Hivyo ndivyo walivyomzika Élodie: mmoja akichuma, mmoja akimwaga. Kutoka gunia la nne risasi mbili zilidondoka pamoja na vijiwe. Julien aliziokota, akazitia mfukoni. Gunia la kumi na tisa lilipoisha, kaburi lilikuwa limejaa hadi ukingoni na kuinuka kidogo, na hapakuwa na jiwe hata moja juu yake.

Mboga za kwenye beseni zilikwisha baada ya siku nne.

Tuseme ukweli: Bulonza alimchukia yule mama. Hakumfukuza, lakini hakumsemesha. Kila alipomwona yule mtoto anacheka aliingia ndani. Alijua si kosa la mtoto, wala la mama yake, lakini moyo haukutaka kujua. Aliyakunja magunia matupu, akayaweka chini ya kitanda, akawa anakaa uani na suruali isiyopigwa pasi.

Mvua zikanyesha, na kaburi likaota. Udongo wa Bulonza ulikuwa umejaa mbegu za miaka, na ndani ya majuma matatu lengalenga zilisimama juu ya Élodie, nene na za kijani kuliko zilivyowahi kuwa kwenye magunia. Kwao, kinachoota juu ya kaburi hakiliwi. Bulonza hakuzing'oa, wala hakuzichuma. Kila asubuhi aliziangalia.

Asubuhi moja alikuta upande wa miguuni pana mashimo. Mtu ameng'oa, mizizi na udongo wake, kama viganja vinne hivi. Damu ikampanda kichwani. Alikwenda jikoni akikimbia.

Mukamugema alikuwa amechuchumaa kwenye mbabula, lile jiko la makaa, na sufuria inachemka. Alipomwona alipiga magoti palepale kwenye jivu.

"Unisamehe, Muzee. Huyu mudogo hajakula siku mbili. Anafungua macho, anafunga. Nilimuomba mama ruhusa. Nilimuomba kwanza."

Bulonza aliinua mkono, na yeye mwenyewe hakujua wa nini. Yule kitinda mimba alikuwa amelala kwenye kitambaa, shingo nyembamba, akimtazama bila woga, kwa sababu hata woga unataka nguvu. Mkono ukashuka wenyewe. Akaketi kwenye kigoda cha Élodie.

Wakasubiri mboga iive. Ilipoiva, Mukamugema alimlisha mtoto, kisha wale wawili wakubwa, kisha akasogeza sahani mbele ya mzee na kuinamisha uso. Bulonza alitia majani mdomoni. Hayakuwa na chumvi. Alitafuna muda mrefu, akalia huku anatafuna, akameza.

"Kesho usizing'oe na mizizi," alisema alipoweza kusema. "Unamuharibia udongo. Ukate juu, uache vidole viwili. Zitachipuka tena."