Zabibu za Mlandege

Ikupa alipotoka Mbalizi kwenda Mlandege, Iringa, kupamba matao ya kanisa, hakuuliza maswali mengi. Fundi akiuliza sana, mwenye kazi naye huanza kujiuliza. Kazi yake ilikuwa ile nafasi ya pembetatu inayobaki kila upande juu ya tao, pale mviringo unapoachana na ukuta. Wengi huipaka rangi wakaendelea na mengine. Yeye, nafasi hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye kubeba zege: hufinyanga matunda na majani kwa lipu mbichi, na watu humfuata.

"Hapo tuwekee zabibu," Yusta, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alimwambia. Akaweka.

Yusta akaja kukagua na Mzee Sosthenes, mzee wa kanisa. Akainua macho juu.

"Kamwene, fundi. Hivi ni vitu gani?"

"Zabibu, mama."

"Mbona zimezeeka?"

Sosthenes akasogea karibu, akapasuka kicheko. "Mama Yusta, hizi ni za pilau!"

Zabibu alizozijua Ikupa ni za pakiti, zile kavu za dukani. Kila mkunjo alikuwa ameuchora kwa ncha ya msumari, tena kwa madaha.

"Sasa divai ya meza ya Bwana itakamuliwa kwenye hizi?" Yusta akauliza. "Bora nimwite fundi Jofrey. Maua yake ya jipsamu ni kubandika tu."

Hapo Ikupa akashtuka. Tao la mlango wa mbele, linaloonekana na kila apitaye barabarani, lilikuwa bado halijapewa mtu, na hasa ndilo alilolifuata Iringa. Lakini sura hakuibadilisha.

"Lipu bado mbichi, mama. Nikizinenepesha sasa hivi zinakuwa za shambani. Zikikauka, ni kuvunja. Ila kunenepesha ni kazi ya pili. Sidai kitu, nipeni tu mlango wa mbele."

"Ukosee wewe, halafu tukupe zawadi?"

"Mlisema zabibu. Nani alisema mbichi?"

"Mpe," Sosthenes akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Tukibishana na huyu, lipu itakauka."

Yusta akapanda ngazi, akaibonyeza lipu kwa kidole. Kweli, ilikuwa imeanza kukaza.

"Haya, mlango wako. Ila pale nataka ngano. Masuke, fundi, siyo mfuko wa unga!"

"Niletee suke nilishike mkononi," Ikupa akajibu, tayari yuko jukwaani, akiongeza lipu kwa kidole gumba, punje baada ya punje.

"Na Jofrey tumwambieje?"

"Aje anisogezee maji."