Tochi ya Kogo na Meseji Iliyolala

Kuna Jumanne moja nakumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Ndio, nakuita mwanangu. Ndevu zangu zinahesabika, lakini aibu niliyobeba inatosha mtu kuitwa mzee.

Shule niliishia darasa la nane. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa simu, nikichunga ng'ombe. Nikajengea kituo chetu cha majani chai hapa Boito programu ya mtandao: mwenyekiti, Mzee arap Rono, anaandika tangazo, anabonyeza, wakulima wote wanapata meseji. Sasa sikiza vile inafanya kazi, maana hapo ndio nilianguka. Ukibonyeza, ukurasa wenyewe hautumi kitu. Unaweka meseji kwa foleni tu. Kuna programu ingine nyuma, huioni, sisi tunaiita mfanyakazi. Huyo ndiye anatoa meseji kwa foleni na kuituma.

Wakati wa kujaribu nyumbani, niliona kuwasha vitu viwili ni kujisumbua. Nikaambia ukurasa: tuma mwenyewe papo hapo, wachana na mfanyakazi. Kila jaribio likapita, kijani kama shamba la chai baada ya mvua. Nikajipiga kifua. Kwa seva, ile kompyuta inayohudumia kituo, nikarudisha ile ya foleni, lakini mfanyakazi sikumwasha. Sikukumbuka hata kama yuko.

Jumanne asubuhi kiwanda kikapiga simu: lori ya kubeba majani imeharibika, watu wasichume. Mzee akabonyeza. Skrini ikaandika "Imetumwa." Uongo mtupu.

Mchana banda la kupimia majani likajaa watu. Kogo Tapkigen, nyanya wa goti bovu anayechuma peke yake, alikuwa na vikapu viwili. Na majani ya chai yakishindiliwa yakingoja, yanapata moto, yanageuka rangi, hakuna mtu anayachukua. Akaniuliza mbele ya watu, "Weri, si ulisema simu itatuambia?"

Mimi na huu mdomo wangu. "Kogo, hiyo simu yako ni tochi tu. Meseji itaingilia wapi?"

Watu wakacheka, hata wale simu zao pia zilikuwa kimya. Hao wengine nikawaambia ni network. Kogo akaficha simu ndani ya shuka, akaenda kumwaga majani yake kando ya barabara. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Jumatano nikafungua seva, nikaona foleni imejaa na mfanyakazi amelala. Nikanyamaza. Alhamisi asubuhi nikamwasha polepole, kama mtu anarudisha jembe aliloiba. Hee! Akaanza kazi kwa bidii yote. Akatumia kila mtu ile meseji ya Jumanne: "Leo lori haiji, msichume."

Na siku hiyo lori ilikuwa inakuja. Ikakuja. Banda tupu.

Kogo akatokea na kikapu kitupu, simu mkononi. "Weri, tochi yangu imeingiza meseji. Hebu nisomee."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa hapo.

Mzee arap Rono hakupiga kelele. Akavuta kikapu cha Kogo, akakiweka mbele yangu. "Wewe umekulia hapa. Karani akikagua majani ya mtu, anaangalia juu?"

"Hapana, mzee. Anatia mkono mpaka chini kabisa."

"Kwa nini?"

"Juu kila mtu anapanga mazuri."

"Na hii kazi yako, mkono ulitia mpaka wapi?"

Nikasema, mbele ya dereva wa lori na kila mtu: simu ya Kogo haina makosa, network haina makosa, ni mimi sikujaribu, halafu nikadanganya. Hakuna aliyecheka. Hapo ndio nilijua mzaha wangu wa Jumanne ulikuwa mbaya namna gani.

"Umemaliza?" Kogo akauliza.

"Ndio, Kogo."

"Basi beba kikapu. Majani yangu yamekomaa yakikungoja."

Nikachuma mistari yake siku mbili, mgongo ukilia.

Kwa hivyo mwanangu, ukijaribu kazi yako, ijaribu vile itaishi. Ukurasa peke yake, mfanyakazi peke yake, foleni katikati. Usiamini "Imetumwa" kabla haijafika. Halafu mzime mfanyakazi makusudi, uone kama skrini itasema ukweli. Mwashe tena, uone kama ataitupa habari iliyooza ama ataigawa kama mpya. Mimi siku hizi nikibadilisha kitu chochote, naenda kwa Kogo, napewa mursik, maziwa ya kibuyu, naketi nangoja mpaka ile tochi ilie. Isipolia, sijamaliza.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwa banda la chai.

Mungu akupe mvua isiyo na mawe, mwanangu, na mikono isiyoogopa chini ya kikapu.